Sura ya Saba: Binti Aliyeutaja Umri Wake

Septemba 2022, katika Uwanja Mkuu wa Olimpiki wa Jamsil jijini Seoul, mwimbaji wa miaka 29 aliwaambia mashabiki waliofurika hadi viti vya juu kabisa kwamba ameamua kuziaga nyimbo zake mbili. Wa kwanza ni "Palette", alioutunga kuhusu kuwa na miaka 25. Wa pili ni "Good Day", kibao kilichomtoa akiwa bado mwanafunzi na kulifikisha jina lake katika kila nyumba ya Korea Kusini. Hazitakuwamo tena katika orodha ya kawaida ya matamasha yake. Kuhusu "Palette" maelezo yake yalikuwa mafupi: ule ni wimbo wa mtu wa miaka 25, naye kwa hesabu ya Kikorea ameshatimiza 30.

Msanii aliyebahatika kupata kibao kimoja kikubwa kwa kawaida hukishikilia hadi uzeeni, kwa kuwa ndicho kinachouza tiketi. Huyu alikiachia jukwaani, usiku ambao alikuwa mwanamuziki wa kwanza wa kike wa Korea kufanya tamasha lake mwenyewe katika uwanja ule. Anayetaka kumwelewa aanzie hapo.

Jina lake la kuzaliwa ni Lee Ji-eun. Ulimwengu unamjua kama IU. Sauti nzuri anayo, na kuigiza anajua, lakini Korea haina uhaba wa watu wenye vipaji hivyo viwili. Ninaloliona kwake, na ndilo litakalobeba sura hii, ni kwamba alikubali kukua mbele ya watu katika biashara inayowataka mabinti wabaki wasichana, kisha akakuandika kukua huko kwa mkono wake mwenyewe, mwaka baada ya mwaka.

Chumba kimoja

Alizaliwa Seoul tarehe 16 Mei 1993. Miaka yake ya mwanzo haikuwa na dhiki, mpaka wazazi wake walipozama katika madeni na familia ikatawanyika. Yeye na mdogo wake wa kiume walipelekwa kwa bibi yao, wakaishi katika chumba kimoja kidogo chenye baridi na mende. Mambo haya ameyasimulia mwenyewe katika vipindi vya runinga, bila kuyapamba wala kuomba huruma. Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa, lakini mtoto hana cha kulipia. Analoweza kufanya ni kujifunza mapema kwamba pesa ikikosekana hata ndugu hubadilika.

Shuleni aliwahi kuimba mbele ya wenzake siku ya michezo, akashangiliwa, na tangu hapo akataka kuwa mwimbaji. Akaanza kuzunguka kwenye usaili wa makampuni ya muziki. Alikataliwa mara zipatazo 20. Moja ya kampuni zilizomkataa ni JYP, ambayo wakati huo ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu zaidi nchini. Akatapeliwa pia na watu waliojifanya mawakala. Mwaka 2007 kampuni iliyokuja kuitwa LOEN Entertainment ikamchukua, na baada ya mafunzo ya miezi 10 hivi akawa tayari kupandishwa jukwaani.

Miezi 10 ni michache mno kwa Korea. Mfumo wa K-pop humchukua mtoto wa miaka 11 au 12, ukamfundisha kuimba, kucheza, lugha za kigeni na namna ya kujibu maswali ya waandishi wa habari, na mafunzo hayo huweza kufika miaka 5, 6 au 7 kabla hajatoa wimbo wowote. Wengi huachwa njiani. Wanaofaulu hutolewa kwa kundi, kila mmoja na nafasi yake: mwimbaji mkuu, mcheza dansi mkuu, sura ya kundi. IU alitolewa peke yake akiwa na miaka 15.

Tarehe 18 Septemba 2008 alisimama kwa mara ya kwanza kwenye kipindi cha M Countdown na wimbo "Lost Child". Ulikuwa wimbo mzito wa huzuni, wenye uzito wa mtu mzima, ukiimbwa na binti aliyevalishwa kama mtu mzima. Watu ukumbini walikuwa wamekuja kuyaona makundi yao. Walimzomea, na wengine walimtukana waziwazi kuhusu umbo lake. Aliumaliza wimbo wake hadi mwisho. Albamu fupi yenye wimbo huo haikuuza sana. Mwaka uliofuata kampuni ilimbadilisha ghafla, ikampa nyimbo za kuchangamka kama "Boo" na "Marshmallow" na nguo za kitoto. Katika hatua zote hizo mbili, wengine ndio waliomwamulia aonekane na umri gani.

Ngazi tatu

Hali ilianza kugeuka Juni 2010, kwa wimbo "Nagging" alioimba na Lim Seul-ong wa kundi la 2AM, wimbo wa wapenzi wanaogombana kwa upole. Desemba mwaka huohuo ikaja "Good Day", muziki ukiwa wa Lee Min-soo na maneno ya Kim Eana.

Usikilizeni wimbo huu karibu na mwisho. Hadithi yake ni ya binti anayempenda kijana aliyemzidi umri ambaye hampendi, siku ambayo anga imetakata kiasi cha kumtonesha. Vinanda vinaongezeka, ngoma zinasogea mbele, kisha sauti inapanda na kubaki juu. Msikilizaji anadhani ndiyo mwisho. Inapanda tena. Kabla pumzi haijakatika inapanda mara ya tatu, na ndipo bendi nzima inamwangukia. Nchi nzima ikaanza kuzizungumzia ngazi hizo tatu, na kila aliyejiona anaweza kuimba akazijaribu. Wimbo ukakaa kileleni mwa chati kwa wiki 5. Karibu miaka kumi baadaye, mwaka 2019, jarida la Billboard liliuweka nafasi ya kwanza katika orodha yake ya nyimbo bora 100 za K-pop za mwongo ule.

Novemba 2011 "You & I" ikaendeleza ushindi, na Korea ikampa cheo cha mdogo wa taifa, yaani binti ambaye kila mtu anajiona kaka au dada yake. Ni cheo chenye upendo mwingi na mtego ndani yake. Mdogo wa taifa hapaswi kuwa na mpenzi, hasira, wala maoni makali. Kubwa kuliko yote, hapaswi kukua. Wengi waliokipata waliporomoka pale tu watazamaji walipogundua kwamba yule mtoto sasa ni mwanamke.

Kalamu

Namna alivyotoka katika mtego huo ndiyo sehemu ninayoiheshimu zaidi katika kazi yake. Alitoka taratibu, kwa hatua ambazo kila moja ilikuwa na sababu.

Albamu "Modern Times" ya Oktoba 2013 ilimpeleka kwenye jazi, swingi na bosanova, muziki wa watu wazima, ambao haukutegemea sauti kupanda juu. Mei 2014 akatoa "A Flower Bookmark", mkusanyiko wa nyimbo za zamani za Kikorea alizoziimba upya. Humo akamwalika Kim Chang-wan, mkongwe wa bendi ya Sanulrim, waimbe pamoja wimbo wa bendi hiyo. Vijana wakajifunza nyimbo za wazazi wao, na wazazi wakaanza kumsikiliza msanii wa watoto wao. Mkusanyiko wa pili ulitoka 2017 na wa tatu Mei 2025. Kwa njia hiyo alijipatia wasikilizaji wa rika zote, na msanii mwenye wasikilizaji wa namna hiyo hayumbishwi na upepo wa msimu mmoja.

Oktoba 2015 ikaja "Chat-Shire", albamu ya kwanza aliyoisimamia mwenyewe kama prodyuza, maneno ya nyimbo zote yakiwa yake. Wimbo mkuu uliitwa "Twenty-three". Humo binti wa miaka 23 anajipinga kila baada ya mstari: anataka hiki, kisha kinyume chake, na anamwachia msikilizaji ahukumu lipi ni kweli. Ule ulikuwa mwisho wa mdogo wa taifa.

Albamu hiyohiyo ilimletea tufani. Wimbo "Zeze" ulichukua jina na tabia ya mtoto wa miaka 5 katika riwaya ya Mbrazili José Mauro de Vasconcelos kuhusu mtoto na mti wa mchungwa, kitabu kinachopendwa sana Korea. Shirika lililochapisha tafsiri ya Kikorea lilipinga hadharani namna wimbo ulivyomsawiri mtoto anayepigwa na kuteswa nyumbani, na wasomaji wengi wakakasirika. IU aliandika kuomba radhi, akaukubali upungufu wake kama mtunzi wa maneno. Naona lawama ile ilikuwa na msingi, kwa sababu mtoto aliyeumizwa hapaswi kugeuzwa ishara ya mvuto wa mtu mzima. Ninachomsifia ni alichofanya baada ya hapo. Angeweza kurudi kwenye nyimbo salama za kununua kwa watunzi wengine. Yeye aliendelea kuandika, na akawa mwangalifu zaidi.

Aprili 2017 akatoa "Palette", akiwa na rapa G-Dragon. Wakorea kwa jadi humhesabia mtoto mwaka mmoja siku anapozaliwa, na kumwongezea mwingine kila Januari mosi. Hesabu hiyo ilibaki katika maisha ya kila siku hata baada ya sheria ya Juni 2023 kuiondoa katika nyaraka rasmi. Kwa hesabu hiyo alikuwa na 25. Wimbo hauna kelele. Unataja vitu vidogo anavyovipenda, mtindo wa nywele, rangi, na unafika kwenye utulivu wa mtu aliyeanza kujifahamu. Mei 2020 alitoa "Eight" pamoja na Suga wa BTS, akiwa na 28, wimbo wa kuwakumbuka waliokwenda, katika ndoto ambamo watabaki vijana milele. Machi 2021 ikaja "Lilac", albamu nzima ya kuaga miaka ya ishirini, yenye muziki wa kucheza badala ya vilio.

Alikuwa na sababu ya kuzungumza juu ya waliokwenda. Jonghyun wa kundi la SHINee, aliyemtungia wimbo katika "Modern Times", alifariki Desemba 2017. Oktoba 2019 akafariki Sulli, rafiki yake mpenzi, ambaye IU aliwahi kumtungia wimbo "Peach" kutokana na jinsi alivyovutiwa naye. Vifo hivyo viliitikisa Korea na kuifanya ianze kujiuliza maswali kuhusu matusi ya mtandaoni na mizigo wanayobebeshwa vijana hawa. Januari 2018, alipopokea tuzo kubwa ya Golden Disc kwa wimbo "Through the Night", IU alitumia muda wake jukwaani kumzungumzia Jonghyun na kuwaomba wasanii wenzake wajijali wao kwanza kabla ya kuwafariji wengine. Baadaye mwaka huohuo, katika kuadhimisha miaka 10 ya kazi, alitoa "Bbibbi", wimbo wa sauti ya chini na maneno makali, unaowaonya wasiomjua wasiuvuke mpaka alioweka. Yule aliyezomewa akiwa na miaka 15 sasa alijua kusema basi, inatosha.

Toroli chini ya mwezi

Uigizaji wake ulianza 2011 katika tamthilia ya "Dream High", akiwa mwanafunzi mnene anayetaka kuwa mwimbaji. Mwaka 2013 alibeba tamthilia ya familia ya kituo cha KBS yenye vipindi 50, na 2015 akacheza kama Cindy katika "The Producers", nyota wa pop asiye na rafiki. Wasomaji wengi wanaofuatilia tamthilia za Kikorea walimjua kwa Hae Soo wa "Moon Lovers: Scarlet Heart Ryeo" ya 2016, mwanamke wa leo anayejikuta katika kasri la enzi ya Goryeo kati ya wana wa mfalme. Tamthilia hiyo ilipendwa zaidi nje kuliko nyumbani, na nyumbani uigizaji wake ulikosolewa vikali.

Aliposimama imara ni katika "My Mister" ya 2018, iliyoandikwa na Park Hae-young na kuongozwa na Kim Won-seok. Humo yeye ni Lee Ji-an, kibarua wa ofisini wa miaka 21 aliyerithi deni la mzazi, anayemtunza bibi yake mgonjwa asiyesikia. Mwigizaji aliyezoeleka kwa tabasamu hapa anacheka kwa nadra sana. Kila jioni anatoka ofisini na vipakiti vya kahawa alivyovichukua kwa siri, anavichanganya na maji ya moto, na hicho ndicho chakula chake cha usiku. Usiku mmoja bibi anataka kuuona mwezi. Ji-an hana gari wala kiti cha magurudumu. Anaikokota toroli ya supamaketi, anampakia bibi, anamfunika, na kuisukuma hadi mahali mwezi unapoonekana. Bibi anatazama juu. Ji-an anamtazama bibi.

Sidhani kama kuna darasa la uigizaji lingemfundisha utazamaji ule. Alilelewa na bibi, na deni aliwahi kuishi nalo. Marehemu Lee Sun-kyun, aliyecheza kama mhandisi anayemtendea Ji-an kama binadamu, alimpa mwenzake nafasi ya kunyamaza, na ukimya wao ndio nguvu ya tamthilia nzima. Kabla haijaanza kurushwa, wengi waliishuku kwa sababu ya pengo la umri kati ya wahusika hao wawili. Ilipokwisha, ilikuwa imeonyesha kwamba kusikilizana kati ya watu wawili waliochoka si lazima kuitwe mapenzi. Mwaka 2019 ikapata tuzo ya tamthilia bora na ya mwandishi bora katika tuzo za Baeksang.

Mlango mwingine ulifunguliwa na kazi hiyohiyo. Mwongozaji wa Kijapani Hirokazu Kore-eda aliitazama "My Mister", na hiyo ikawa sababu ya kumwita katika "Broker", filamu yake ya Kikorea kuhusu mama anayemwacha mtoto mchanga kwenye kisanduku cha kanisa. Ilioneshwa Cannes Mei 2022, na Song Kang-ho akapata tuzo ya mwigizaji bora wa kiume. Katikati, mwaka 2019, IU alikuwa amecheza "Hotel del Luna" kama mwenye hoteli ya mizimu ambaye umri wake umesimama kwa zaidi ya miaka elfu, na adhabu yake kubwa ni kutoruhusiwa kuendelea.

Kabichi za Jeju

Machi 2025 Netflix ilianza kurusha "When Life Gives You Tangerines", vipindi 16 vilivyotolewa vinne vinne kwa wiki nne. Mwandishi ni Lim Sang-choon, na mwongozaji ni yuleyule Kim Won-seok. Hadithi inaanzia kisiwa cha Jeju, alikozaliwa Ae-sun mwaka 1951. Mama yake ni mmoja wa haenyeo, wanawake wanaopiga mbizi bila mitungi ya hewa kutafuta abaloni na mwani, utamaduni ambao UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2016. Mama anafariki akiwa na miaka 29, mapafu yake yakiwa yamechoka na bahari. Binti anataka kuwa mshairi, lakini umaskini unampangia mengine.

Katika moja ya picha za mwanzo, Ae-sun anauza kabichi sokoni. Tuseme kabichi zipo mbele yake, maana anayeziuza hasa ni Gwan-sik, kijana mnyamavu anayempenda tangu utotoni, anayechezwa na Park Bo-gum. Ae-sun amezama katika kitabu. Mteja anauliza bei, Gwan-sik anajibu. Picha hiyo fupi inamweleza mtazamaji aina ya mapenzi atakayoyafuata kwa miaka hamsini: ya mtu anayebeba mzigo ili mwenzake apate kusoma.

IU anacheza Ae-sun kijana. Ae-sun anapokuwa mtu mzima, Moon So-ri anaipokea nafasi hiyo, na IU anarudi kama Geum-myeong, binti anayepelekwa Seoul kusoma kwa jasho la wazazi. Ni wanawake wawili wenye sura moja na bahati tofauti. Ae-sun hulipuka haraka na kulia kwa sauti. Geum-myeong humeza maneno, huwajibu wazazi kwa ukali kwenye simu, kisha hujuta akiwa peke yake. Kila aliyesomeshwa na wazazi waliojinyima atamtambua binti huyo bila kuelezwa. Mei 2025 tamthilia hiyo ilitwaa tuzo ya tamthilia bora na ya mwandishi bora za Baeksang.

Kinachodumu

Mwaka 2020 IU alihamia EDAM Entertainment, kampuni iliyoanzishwa na mtu aliyefanya naye kazi kwa miaka mingi. Ziara yake ya dunia ya 2024 ilianzia Seoul mwezi Machi, ikapita Asia, Ulaya na Marekani, na kumalizikia Septemba katika Uwanja wa Kombe la Dunia wa Seoul, ambako pia alikuwa mwanamke wa kwanza kufanya tamasha lake. Kabla ya tamasha hilo, wakazi wa karibu na uwanja waligawiwa mifuko rasmi ya taka, ile ambayo kila kaya ya Korea hulazimika kuinunua, pamoja na ujumbe wa kuwaomba radhi kwa kelele. Michango yake ya misaada huitoa kwa jina linalounganisha jina lake na la mashabiki wake, Uaena. Desemba 2024 mashabiki waliokwenda kuandamana Yeouido, jijini Seoul, kudai rais aondolewe walikuta amewalipia chakula na vinywaji katika maduka ya karibu.

Mambo hayo yanatoka kwenye mzizi mmoja na nyimbo zake. Mtu anayetaja umri wake kweli ni mtu aliyekubali kwamba yeye ni binadamu kama wanaomsikiliza, anayezeeka nao, anayewapigia kelele majirani na kuwajibika kuwaomba radhi. Biashara ya muziki, ya Seoul au ya kwingineko, inafahamu vizuri namna ya kuuza ujana. Bado haijajifunza kumtunza kijana anapoacha kuwa kijana, na majeneza iliyoyazika ni ushahidi wa kutosha. IU alijitunza kwa kushika kalamu mapema, kukosea kwayo, kurekebisha, na kutokubali tena mtu mwingine amwandikie miaka yake. Wazazi wenye mabinti wanaoota majukwaa, na mameneja wanaowasainisha mikataba, wana la kujifunza hapo. Mfundisheni mtoto kuimba, ndiyo, lakini mwachieni nafasi katika mkataba na katika albamu aandike maneno yake mwenyewe, na mkubalini atakapokuja na sauti msiyoizoea. Hiyo ndiyo haki ya kwanza ya msanii, na ndiyo itakayomfikisha miaka ya thelathini akiwa na la kusema.